Herufi iliyokosewa haishindi kesi

Maamuzi ya migogoro ya majina ya kikoa, yale tunayoyaita domeini, huchapishwa hadharani, na anayeyasoma hukutana na kosa lile lile tena na tena kwa walalamikaji walioshindwa. Wanajaza kurasa kuthibitisha kwamba jina la mwenzao limepishana na lao kwa herufi moja tu. Wanalinganisha matamshi, wanahesabu silabi. Kuhusu nia ya aliyelisajili jina hilo wanaandika aya mbili, bila tarehe wala picha ya ukurasa. Jopo la wasuluhishi linaloamua linakubaliana nao kuhusu ile herufi, halafu linawanyima jina.

Tahajia ndiyo sehemu nyepesi ya kesi. Uzito uko kwenye tarehe, nia na ushahidi. Mwenye duka, shule, saccos au kampuni ya mabasi anapaswa kulijua hilo kabla hajalipa dola hata moja.

Tuanze na namna jina linavyopatikana. Anayesajili .com haulizwi jina ni la nani. Mfumo unakagua herufi a hadi z, tarakimu 0 hadi 9 na kistari kisichokaa mwanzoni wala mwishoni, na kwamba kipande kilicho kabla ya nukta hakizidi herufi 63. Herufi kubwa na ndogo ni kitu kimoja. Jina likiwa wazi, aliyewahi kalipata. Kinga ya wengine imo ndani ya mkataba: kila anayesajili anatamka kwamba, kwa kadiri anavyojua, haingilii haki za mtu, na anakubali kushitakiwa chini ya sera ya ICANN, shirika linalosimamia majina ya mtandao duniani, ya mwaka 1999 inayojulikana kwa kifupi UDRP. Kwa hiyo ugomvi wote huja baada ya usajili.

Mfumo huo haujui Kiswahili, na hilo linatuletea matatizo ambayo miongozo ya Ulaya na Marekani haiyagusi. Ritifaa haikubaliki, hivyo ng' yetu inapotea. Duka la vipodozi linaloitwa Ng'ara litalazimika kuandika ngara, na Ngara tayari ni wilaya mkoani Kagera, tena ni mtaa wa Nairobi. Mtu anayeandika habari za Ngara hajakosea tahajia ya duka lako, ametaja kwao. Chukua pia kampuni inayojiita Thamani. Wengi hutamka na kuandika s mahali pa th, kwa hiyo wateja wake wataandika samani. Lakini samani ni neno la kamusi, ni vitanda na makabati, na anayeuza vitanda kwa jina hilo ana haki yake kamili hata kama nusu ya wateja wako wanaishia kwake. Zahabu ni habari nyingine. Halina maana nyingine, ni dhahabu iliyokosewa tu. Likielekeza wateja kwa mshindani wa kampuni ya Dhahabu, aliyelisajili atatakiwa kueleza kwa nini alilichagua. Hata hivyo, kampuni hiyo nayo ikumbuke kwamba neno la kawaida ni alama dhaifu, hasa kama biashara yenyewe ni ya vito.

Ukiorodhesha makosa ambayo wateja wako wanaweza kufanya, usitosheke na herufi jirani za kibodi kama m na n au i na o. Weka l na r zinazobadilishana, h inayomezwa mwanzoni mwa neno, dh na z, irabu mbili zinazoandikwa moja. Kisha weka zile hila za macho: r na n zikishikamana huonekana m, tarakimu 1 husimama mahali pa l, na a ya Kisirili, mwandiko wa Kirusi, haina tofauti na yetu machoni, ingawa kwa kompyuta ni herufi nyingine kabisa. Jina la aina hiyo ya mwisho utalitambua kwa sura yake ya ndani inayoanza na xn-- kwenye kumbukumbu za usajili. Kuna pia hila kongwe ya kuacha nukta baada ya www.

Sasa kwenye sheria yenyewe. UDRP inamtaka mlalamikaji athibitishe mambo matatu, na yote matatu. Kwanza, jina linafanana na alama yake ya biashara kiasi cha kuchanganya. Pili, mwenye jina hana haki wala maslahi halali nalo. Tatu, lilisajiliwa kwa nia mbaya na linatumiwa kwa nia mbaya. La kwanza ni mlango tu. Mwongozo wa WIPO, Shirika la Miliki Ubunifu Duniani ambalo kituo chake husuluhisha kesi hizi, toleo la tatu la mwaka 2017, unasema wazi kwamba jina lililokosewa kwa njia ya kawaida, iliyo dhahiri au ya makusudi huhesabiwa kuwa linachanganya. Jopo huweka alama na jina bega kwa bega, huangalia, huendelea. Kurasa tano za matamshi hazikuongezei kitu. Sentensi nne zinatosha, na maneno yaliyobaki yapeleke kwenye la pili na la tatu, maana hoja za malalamiko kwa WIPO hazitakiwi kuzidi maneno 5,000.

Neno "na" katika sharti la tatu limeangusha wengi. Nia mbaya lazima iwepo siku jina liliposajiliwa au siku mwenye nalo wa sasa alipolinunua. Kulipia mwaka mwingine hakuhesabiwi kuwa usajili mpya. Mtu akisajili jina mwaka 2014, wewe ukaanzisha biashara mwaka 2019, kwa kawaida hakuwa na namna ya kukulenga, hata kama leo anajaza ukurasa wake matangazo ya washindani wako. Si kila nchi imeandika hivyo. Sera ya .au ya Australia inatosheka na nia mbaya wakati wa kusajili au wakati wa kutumia baadaye, na .uk ya Uingereza chini ya msimamizi wake, Nominet, nayo inakubali mojawapo. Australia ilikwenda mbali zaidi: kwa miaka mingi auDA, msimamizi wa .au, ilikuwa na sera ya peke yake ya kukataza majina yaliyokosewa tahajia ili kunasa wageni wa tovuti za wengine. Naona Waaustralia walikuwa na hoja nzuri. Ni haki zaidi kumzuia mvizia mlangoni kuliko kumlazimisha kila aliyeviziwa alipe gharama za kesi.

Kwa sababu hiyo, jina likiwa chini ya .tz au .ke, usidhani kanuni za .com zinakufuata huko. Chukua sera ya msimamizi wa .tz, au ya KeNIC anayesimamia .ke, utafute maneno mawili: ni "na" au ni "au", na ni alama ya biashara pekee au hata jina la kampuni linakubalika.

Hapo kwenye alama ya biashara ndipo wengi wa kwetu wanapojikwaa. Cheti cha BRELA cha kusajili kampuni au jina la biashara si cheti cha alama ya biashara, ingawa vyote vinatoka ofisi moja. Chini ya UDRP, kusajiliwa kwa jina la kampuni peke yake hakutoshi. Unahitaji usajili wa alama: BRELA kwa Tanzania Bara, BPRA kwa Zanzibar, ambako usajili wa Bara haufiki, KIPI kwa Kenya, URSB kwa Uganda. Habari njema ni kwamba alama ya nchi yoyote moja inatosha kuvuka sharti la kwanza, hata kama mwenye jina anakaa upande wa pili wa dunia. Kama hukusajili, bado unaweza kudai alama iliyojengwa na matumizi, ila uonyeshe kwa karatasi: mauzo ya miaka kadhaa, matangazo ya redio na risiti zake, magazeti yaliyokutaja, idadi ya wateja. Kusema tu "tunajulikana sana" hakusaidii.

Nia mbaya huonekanaje? Kesi inayofundisha kuliko nyingi ni ya Mmarekani John Zuccarini. Alisajili maelfu ya majina yaliyokosewa kwa makusudi. Dhidi ya tovuti ya vibonzo ya Joe Cartoon peke yake alikuwa na matano, yakiwemo joescartoon.com na joecarton.com. Aliyeingia kwa bahati mbaya alikwama kwenye matangazo, na Zuccarini alilipwa senti 10 hadi 25 kwa kila bonyezo. Baada ya kushitakiwa aligeuza kurasa zile kuwa za malalamiko dhidi ya vibonzo vyenyewe, akadai anatumia uhuru wa maoni. Mahakama ya rufaa ilikataa utetezi huo mwaka 2001, na fidia ikawa dola 10,000 kwa kila jina. Mwaka 2004 alihukumiwa kifungo cha miezi 30, chini ya sheria ya mwaka 2003 iliyolenga majina yanayowapotosha watu, watoto wakiwemo, hadi kwenye picha za ngono. Kwa mlalamikaji, somo ni kwamba hali ya ukurasa kabla ya barua yako ya kwanza ndiyo yenye thamani. Piga picha kabla hujaandika barua.

Picha hizo zina utaratibu wake. Anwani yote ionekane juu ya skrini, pamoja na tarehe na saa. Fungua kwa simu na kwa kompyuta, kwa mtandao wa ofisini na kwa bando la simu, kwa sababu kurasa nyingi za kuvizia hubadilika kulingana na anayezifungua: wa Dar anaona matangazo, wa Nairobi anasukumwa kwa mshindani, wa tatu anapewa faili la kupakua. Tafuta pia nakala za zamani kwenye Internet Archive. Kisha tazama rekodi za usajili kwa RDAP, mfumo uliochukua nafasi ya WHOIS Januari 2025. Humo utapata msajili, yaani kampuni iliyouza jina hilo, na tarehe ya kusajiliwa. Jina la mwenyewe mara nyingi limefichwa tangu sheria ya faragha ya Umoja wa Ulaya ilipoanza kutumika mwaka 2018. Hilo lisikuzuie. Unamtaja anayeonekana pale, msajili akiulizwa na kituo cha usuluhishi atamtaja wa kweli, na wewe utapewa siku 5 kurekebisha malalamiko.

Angalia pia kama jina lina rekodi ya MX, ile inayoelekeza barua pepe za jina hilo zipokelewe wapi. Ukiandika nslookup -type=mx na jina lenyewe, jibu linakuja papo hapo. Ukurasa unaweza kuwa mweupe kabisa huku barua pepe zinafanya kazi, na hiyo ndiyo hali ya hatari kuliko zote. Tapeli anamwandikia mteja wako kutoka anwani iliyopishana herufi moja, anamtumia ankara yenye akaunti nyingine ya benki. Tunza barua hizo zikiwa na vichwa vyake vyote, usitosheke na picha yake. Na usisubiri kesi. UDRP huchukua kama siku 60, pesa inahama kwa dakika. Peleka taarifa kwa msajili na kwa kampuni inayohifadhi seva siku hiyo hiyo. Tangu Aprili 2024 mikataba ya ICANN inawabana wasajili kuchukua hatua wanapopata ushahidi unaotosha wa hadaa ya kuiba nywila au programu hasidi. Taarifa yako isiseme "wanaiga jina letu", hayo ni ya alama ya biashara na watakuelekeza kwenye kesi. Sema "jina hili linatumika kuiba nywila", kama ndivyo ilivyo, weka barua yenyewe na muda wake. Kenya pia kuna njia ya polisi: kifungu cha 28 cha sheria ya makosa ya kompyuta na mtandao ya mwaka 2018 kinamtia hatiani anayetumia kwa makusudi jina la mwingine mtandaoni bila ruhusa, adhabu ikiwa faini isiyozidi shilingi 200,000, kifungo kisichozidi miaka 2, au vyote viwili.

Ukurasa usiokuwa na kitu haumwokoi mvizia. Mwaka 2000, katika kesi ya Telstra, kampuni kubwa ya simu ya Australia, jopo la WIPO liliamua kwamba hata kulishikilia jina bila kulitumia kunaweza kuwa matumizi ya nia mbaya, pale alama inapojulikana mno, mwenye jina amejificha kwa taarifa za uongo, na hakuna matumizi halali yanayoweza kufikirika. Hoja hiyo hutajwa mno, mara nyingi na watu ambao alama zao hazina umaarufu wa Telstra. Kama alama yako inajulikana Mbeya tu, ijenge kesi kwa ushahidi mwingine.

Ukiamua kufungua, WIPO hutoza dola 1,500 kwa majina 1 hadi 5 mbele ya mwanajopo mmoja, dola 2,000 kwa majina 6 hadi 10, na dola 4,000 kwa majina 1 hadi 5 mbele ya wanajopo watatu. Wakili ni juu yako. Kwa kuwa jina moja na matano bei ni ile ile, usikimbilie. Tafuta kwanza mengine yaliyo chini ya mtu huyo huyo, uyaweke kwenye malalamiko mamoja. Angalia na lugha: kesi huendeshwa kwa lugha ya mkataba wa usajili. Msajili akiwa China na mkataba wake wa Kichina, utalazimika kuomba Kiingereza na kutoa sababu, kwa mfano kwamba ukurasa wenyewe umeandikwa kwa Kiingereza au kwamba mwenye jina aliwahi kukuandikia kwa lugha hiyo.

Malalamiko yakishafika, msajili analifunga jina ndani ya siku 2 za kazi ili lisihamishwe. Mlalamikiwa ana siku 20 za kujibu, na anaweza kuongezewa 4 kwa kuziomba tu. Asipojibu hujashinda bado, jopo lazima lipime ushahidi wako. Uamuzi unatakiwa ndani ya siku 14 tangu jopo kuteuliwa. Ukishinda unapata jina au linafutwa. Fidia hakuna, gharama hurudishiwi. Msajili husubiri siku 10 za kazi kuona kama aliyeshindwa amekwenda mahakamani, ndipo alihamishe. Hapa watu husinzia: lazima wewe mwenyewe uwasiliane na msajili, ufungue akaunti kwake na upokee jina. Likishafika, weka seva zako za majina, zile zinazoelekeza jina kwenye tovuti yako, na uangalie tarehe ya kuisha, maana huenda limebaki na wiki chache.

Na ukiwa ndiye uliyeshitakiwa, jibu. Usibadilishe ukurasa, itasomeka kama ya Zuccarini. Usitaje bei kwa hasira, kwa sababu kutaka zaidi ya ulichogharamia ni moja ya dalili za nia mbaya zilizoandikwa ndani ya sera. Onyesha ulikuwa unafanya nini na jina hilo kabla hujapata malalamiko: leseni ya biashara, ankara, bango la duka, mpango wa kazi wenye tarehe. Ukiomba wanajopo watatu wakati mwenzako aliomba mmoja, mtagawana ada nusu kwa nusu. Na kama anajua fika kwamba jina lako limetangulia alama yake, liombe jopo litamke kwamba huu ni unyang'anyi wa jina kwa kupitia kesi. Faini haimo, lakini uamuzi unabaki hadharani kwa jina lake.

Makosa ya tahajia hayaishii kushoto kwa nukta. Mwaka 2006 Kameruni iliweka mtego kwenye .cm yote, kila aliyesahau o ya .com akaangukia ukurasa wa matangazo. Mwaka 2016 watafiti wa usalama walikuta majina zaidi ya 300 ya kampuni maarufu yamesajiliwa chini ya .om ya Oman, kwa kuwavizia wanaoruka c. Kampuni halali za Muscat zinazotumia .om hazikuwa na kosa lolote. Verisign nayo, msimamizi wa .com na .net, Septemba 2003 ilielekeza kila jina lisilokuwepo chini yake kwenye ukurasa wake, ikalazimika kuacha baada ya kama wiki tatu ICANN ilipoibana. Kwa anayesajili leo, maana yake ni kununua .com pamoja na ya nchi yako, halafu makosa mawili au matatu yanayotokea kweli kwa wateja wako. Utayajua kwa kuuliza wanaopokea simu ofisini. Kununua yote haiwezekani, jina la herufi nane tu lina makosa mamia.

Kuna ugomvi mmoja ambao UDRP mara nyingi hukataa kuugusa, nao kwetu ni mwingi: fundi wa tovuti aliyesajili jina la mteja kwa jina lake mwenyewe, wakagombana malipo. Majopo huuona kuwa ugomvi wa mkataba, wanauelekeza mahakamani. Kinga yake ni siku ya kwanza. Akaunti ya msajili iwe ya kampuni, nywila ikae kwa kampuni, fundi apewe ruhusa ya kubadilisha seva za majina na si zaidi. Na barua pepe ya akaunti hiyo isiwe chini ya jina lenyewe. Jina likiisha muda, barua pepe inakufa nalo, na tangazo la kukukumbusha kulipia halitakufikia. Kwa .com, msajili anaweza kukuachia hadi siku 45 za kulipia kwa kuchelewa, ingawa wengine hulipiga mnada jina humo humo. Likifutwa zinafuata siku 30 za kulikomboa kwa ada kubwa zaidi, kisha siku 5 za kusubiri kuachiwa. Baada ya hapo liko wazi, na programu za wanaovizia majina yanayoachiwa hulinasa kwa sekunde.